GAVANA NI MTU WA NANI?

Maneno ya ndugu mmoja, karani wa mgodi, aliyoyasema mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa mji, pa Lubumbashi. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, pamoja na maulizo matatu yaliyofuata.



Mimi ni karani. Kazi yangu mgodini ni kuandika: saa za kazi, majina ya watu wa zamu, magunia yaliyoingia stoo na magunia yaliyotoka. Lakini jioni nikifika nyumbani, kazi ya kuandika haiishi. Watu wa kartye wanajua kwamba nilisoma kwa mapadri mpaka sekondari, basi wanakuja na karatasi mkononi. "Mwanangu, niandikie barua." Nauliza: "Kwa nani, mama?" Jibu ni moja siku zote: "Kwa Bwana Gavana."

Bomba la maji limekauka: Bwana Gavana. Mwalimu hajalipwa: Bwana Gavana. Mtaro wa soko umejaa takataka: Bwana Gavana. Mzee amemaliza miaka yake ya kazi na pensheni haionekani: Bwana Gavana.

Mwaka mmoja niliandika barua ya mama wa kartye yetu juu ya daraja dogo lililobomoka. Watoto walikuwa wanavuka maji ya mvua kwa miguu wakienda masomoni. Mama wote walitia saini, wengine alama ya kidole. Barua ilipelekwa katika ofisi moja, sitaitaja. Ilikaa miezi mitano. Iliporudi, ilikuwa imeandikwa maneno mawili tu juu yake: "Si huku." Mvua ilikuwa imekwisha, na mtoto mmoja alikuwa amekwisha vunjika mguu.

Siku ile sikulaumu ofisi peke yake. Nilijilaumu mimi. Mama hawa waliniamini kwa sababu nina masomo, nami nikaandika jina la mlango nisioujua. Tangu hapo nilianza kusoma Katiba ya nchi, kifungu kwa kifungu, jinsi ninavyosoma daftari la mishahara. Niliyoyakuta humo ndiyo ninayoyaleta leo. Sikuja kumsifu gavana huyu wala kumtukana yule. Nimekuja kueleza gavana ni kitu gani, na ni mtu wa nani.

SAINI TATU

Wandugu wa kazi wanajua: pale stoo hata kamba haitoki bila karatasi yenye saini. Ukitaka kujua kitu kile ni cha nani, usiangalie mtu anayekibeba. Angalia walioandika majina chini ya karatasi.

Mkubwa wa serikali naye tumpime hivyo. Tuulize maulizo matatu. Nani amemweka? Nani ameshika pesa yake? Nani anaweza kumtoa? Mwenye saini hizo tatu ndiye bwana wake. Hata akisema kila siku kwenye redio kwamba yeye ni mtumishi wa raia, atamwogopa yule anayeweza kumtoa.

GAVANA WA MARESHARO YA ZAMANI

Tuanze na wa kwanza. Mwaka 1910, mji huu ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville, mkubwa wa Katanga alikuwa Mbelgiji, Emile Wangermée. Nani alimweka? Ulaya. Nani aliweza kumtoa? Ulaya. Babu zetu waliita serikali ile Bula Matari, mvunja mawe, na jina lilifaa, kwa maana jiwe halijibu neno.

Desemba 1941, wakati wa vita vikubwa, bei za vitu zilikuwa zimepanda na wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi wakiomba mshahara uongezwe. Gavana wa jimbo alikuwa Amour Maron. Wafanyakazi walikusanyika katika kiwanja cha mpira hapa mjini. Jibu lilikuwa risasi za askari, na watu wengi wakafa. Gavana yule hakuwa na sababu ya kuogopa kura ya mfanyakazi, maana mfanyakazi hakuwa na kura. Ilipita miaka 16 kabla ya watu weusi wa mji huu kupiga kura ya kwanza, Desemba 1957, na hiyo ilikuwa ya komine tu.

Mwaka 1960 mambo yaligeuka. Sheria ya kuanzisha nchi ilitaka kila jimbo liwe na baraza lililochaguliwa, na baraza lichague prezidenti wa jimbo. Katanga ilimpata Moïse Tshombe. Tarehe 11 Julai 1960 alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na jambo hilo lilidumu mpaka Januari 1963. Waliopona kati ya wazee wetu wanajua gharama yake. Sikuja kuamsha vita vile. Nasema tu kwamba tangu siku hizo Kinshasa inawatazama wakubwa wa Katanga kwa jicho la shaka, na shaka hiyo imeandikwa mpaka ndani ya sheria.

Baada ya Novemba 1965 Mobutu alikata shauri lote kwa panga moja. Gavana akawa mtu wa kuwekwa na prezidenti, mara nyingi akitumwa katika jimbo lisilo la kwao, kama mkubwa wa kazi anavyohamishwa kutoka mgodi mmoja hadi mwingine. Saini tatu zote zikarudi katika mkono mmoja. Bula Matari alikuwa amebadili ngozi tu.

GAVANA WA MAREKANI

Sasa vijana wananiuliza: "Mbona gavana wa Marekani tunamwona kwenye televisheni akimpinga prezidenti wake hadharani, na kesho yake bado ni gavana? Wetu akiitwa Kinshasa, anapanda ndege na hatujui kama atarudi na kazi."

Jibu liko katika saini. Marekani ina majimbo 50. Yale 13 ya kwanza yalikuwapo kabla ya serikali ya Washington. Karibu yote yalikaa pamoja mwaka 1787 yakaandika Katiba, yakaipa serikali kubwa kazi fulani, na kazi nyingine yakabaki nazo. Kwa hiyo kule serikali kubwa ni mtoto wa majimbo. Kwetu majimbo ni watoto wa serikali kubwa. Hapo ndipo tofauti yote inapotoka.

Nani anamweka gavana wa Marekani? Raia wa jimbo lake wenyewe, kila mmoja na kura yake. Karibu majimbo yote yanamchagua kwa miaka 4. New Hampshire na Vermont kwa miaka 2. Nani ameshika pesa yake? Jimbo lina kodi zake, ingawa Washington nayo inaleta msaada wenye masharti. Gavana anatayarisha bajeti, na baraza la jimbo linaikubali au kuikata. Sheria iliyopigiwa kura na baraza inakuja mezani kwake: anaweza kuitia saini, anaweza kuirudisha. Ana askari wa akiba wa jimbo, anaowaita wakati wa mafuriko au ghasia. Katika majimbo mengi anaweza kumsamehe mfungwa.

Na nani anaweza kumtoa? Si prezidenti. Mwaka 2003 raia wa California hawakumtaka tena gavana wao Gray Davis. Walikusanya saini, wakapiga kura, wakamtoa kabla ya muda wake kwisha. Mwaka 2009 baraza la Illinois lilimhukumu gavana Rod Blagojevich kwa rushwa na kumwondoa. Prezidenti hakuandika hata mstari mmoja.

Lakini wandugu, msifikiri kwamba kura peke yake inamfanya gavana kuwa mtu mwema. Septemba 1957, katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, watoto weusi tisa walikwenda kuingia katika sekondari ya wazungu, maana korti kuu ya nchi ilikuwa imesema watoto wasitengwe kwa rangi. Gavana Orval Faubus alichaguliwa na watu. Kura za wazungu zilikuwa nyingi. Aliwaita askari wa jimbo wakasimama mlangoni mwa shule kuwazuia watoto tisa. Prezidenti Eisenhower aliwachukua askari wale kutoka mikononi mwa gavana, akatuma na wanajeshi wa nchi, na watoto wakaingia darasani katikati ya bunduki.

Tujifunze mambo mawili hapo. Gavana mwenye nguvu ni kitu kizuri kwa wale anaowahesabu kuwa watu wake. Na serikali kubwa, ambayo mara nyingi tunaisema vibaya, siku nyingine ndiyo kimbilio la mdogo.

Sisi wa huku tunajua maneno haya kwa macho yetu. Miaka ya 1992 na 1993, maelfu na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walikuwa wafanyakazi, walimu, makarani, watu waliozaliwa hukuhuku. Walilala katika stesheni za gari la moshi wakingoja behewa, na wengi walikufa wakingoja. Gavana wa wakati ule, Kyungu wa Kumwanza, alikuwa amesema maneno makali juu yao mbele ya watu. Mimi nilikuwa sijazaliwa au nilikuwa mtoto wa mgongoni, lakini nimekua nikicheza katika nyumba za kampi ambazo wenyewe hawakurudi. Mdomo wa gavana ni chombo cha serikali. Ukifungua mlango wa chuki, watu wadogo ndio wanaoingia na marungu.

KENYA NA TANZANIA

Majirani wetu nao tuwatazame kidogo. Kenya iliandika katiba mpya mwaka 2010, na tangu uchaguzi wa 2013 ina magavana 47, kila mmoja amechaguliwa na raia wa kaunti yake. Katiba yao inataka kaunti zipate angalau 15 kwa 100 ya mapato ya nchi. Tanzania ina mkuu wa mkoa, na huyo anawekwa na prezidenti. Hakuna anayedanganywa, kila mtu anajua ni mtu wa nani.

Sisi Kongo hatuko kama hawa wala kama wale. Tumesimama katikati ya mto, mguu mmoja juu ya jiwe hili na mguu wa pili juu ya jiwe lile.

GAVANA WETU

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema nchi ina mji wa Kinshasa na majimbo 25. Katanga ya zamani ilikatwa mwaka 2015 kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Moïse Katumbi, aliyechaguliwa mwaka 2007, ndiye gavana wa mwisho wa Katanga nzima. Baada yake Kinshasa iliweka kwanza makamishna maalum, kisha mwaka 2016 magavana wakachaguliwa.

Saini ya kwanza: nani anamweka? Kifungu cha 198 kinasema gavana na makamu wake wanachaguliwa na madepite wa jimbo, kwa miaka 5, na anaweza kurudi mara moja tu. Sisi raia hatumpigii kura. Tunapiga kura ya depite wa jimbo, na depite anapiga kura ya gavana. Kisha prezidenti anatia saini ya kumthibitisha. Ndivyo Jacques Kyabula Katwe alivyochaguliwa Aprili 2019, na tena Aprili 2024.

Oneni basi hatari yake. Watu wachache ndani ya chumba kimoja ni rahisi kununuliwa kuliko mji mzima. Machi 2019, malalamiko ya rushwa katika uchaguzi wa maseneta, ambao nao wanachaguliwa na madepite wa majimbo, yalikuwa makubwa hata prezidenti akasimamisha kazi, na uchaguzi wa magavana ukasogezwa mbele. Yule aliyenunua kiti atataka kurudisha pesa yake. Atairudisha wapi, kama si katika barabara yetu na zahanati yetu?

Saini ya pili: nani ameshika pesa? Kifungu cha 175 kinasema 40 kwa 100 ya mapato ya nchi yanayotoka jimboni ni ya majimbo, nayo ikatwe palepale inapopatikana. Hayo ndiyo maandishi. Katika kazi, pesa inapanda kwanza Kinshasa, kisha inarudi kwa kipimo cha Kinshasa na kwa siku ya Kinshasa, na majimbo yamelalamika miaka yote kwamba haifiki kamili. Gavana anayengoja pesa hawezi kusema kwa sauti kubwa na yule anayemngojesha.

Saini ya tatu: nani anaweza kumtoa? Baraza la jimbo linaweza kumpigia kura ya kumwangusha. Lakini Katiba ilipogeuzwa Januari 2011, prezidenti naye alipewa uwezo wa kumwondoa gavana, na hata kuvunja baraza, kama kuna matata makubwa yanayozuia kazi ya jimbo, baada ya kushauriana na wakubwa wa mabaraza mawili ya nchi. Na Mei 2021, kwa sababu ya vita, majimbo ya Nord-Kivu na Ituri yaliwekewa magavana wa kijeshi.

Tena, sheria ya Julai 2008 juu ya uongozi wa majimbo inampa gavana kazi mbili. Yeye ni mkubwa wa serikali ya jimbo, pamoja na maministri wake wasiozidi 10. Na yeye ni mjumbe wa serikali ya Kinshasa ndani ya jimbo. Asubuhi anatuwakilisha sisi kwa Kinshasa, jioni anaiwakilisha Kinshasa kwetu. Mtumishi wa mabwana wawili mnajua shida yake.

Basi jibu la ulizo letu ni hili. Gavana wetu ni mtu wa madepite wa jimbo kwa kuwekwa, ni mtu wa Kinshasa kwa pesa, na ni mtu wa wote wawili kwa kutolewa. Raia yuko wapi? Raia yuko nyuma ya saini ya kwanza, ndani ya jina la depite. Hapo tu. Lakini hapo si padogo.

PESA YA MGODI

Wafanyakazi, sikilizeni hesabu hii vizuri, maana inatoka katika jasho lenu.

Sheria ya madini iliyogeuzwa Machi 2018 inasema kompani inayochimba shaba ilipe 3.5 kwa 100 ya bei ya shaba inayouzwa. Kobalti, ambayo mwaka 2018 iliwekwa kati ya madini ya thamani ya pekee, ililipiwa 10 kwa 100. Pesa hiyo inagawanywa namna hii: 50 kwa 100 ni ya Kinshasa, 25 ni ya jimbo, 15 ni ya komine, sekta au chefferie ile ambayo mgodi uko ndani yake, na 10 ni ya mfuko wa watoto watakaozaliwa.

Tuhesabu. Shaba imeuzwa dola 100,000. Malipo ni dola 3,500. Kinshasa inapata 1,750. Jimbo 875. Komine au chefferie 525. Mfuko wa watoto 350.

Zile 875 ziko katika mkono wa serikali ya gavana, na baraza la jimbo linapaswa kujua kila moja imekwenda wapi. Zile 525 si za gavana. Ni za watu wanaokula vumbi la mgodi ule, na wa kuulizwa ni mkubwa wa komine au chifu na washauri wake. Mimi kila mwisho wa mwezi, hesabu ikikosa faranga 1,000, naitwa kueleza. Kwa nini mwenye dola 525 katika kila 100,000 asiitwe? Hatumwiti, kwa sababu tumekwisha andika barua yetu kwa Bwana Gavana, tukaketi.

MILANGO

Sasa nawapa milango, ili tusirudishiwe tena barua.

Mtaro wa kartye, takataka za soko, cheti cha mtoto aliyezaliwa: nenda komine.

Maji ni REGIDESO, umeme ni SNEL. Hizo ni kompani za Leta ya nchi nzima. Gavana anaweza kuwasukuma, hawezi kuwaamuru kama watu wa nyumbani mwake.

Mshahara wa mwalimu wa shule ya serikali unatoka Kinshasa. Pensheni ya mfanyakazi wa kompani ni ya CNSS. Matata ya mshahara mgodini, nenda kwa wajumbe wa sendika, na wakishindwa, kwa mkaguzi wa kazi.

Barabara za jimbo, kodi na ushuru wa jimbo, watumishi wa jimbo: hapo sasa ndipo kwa gavana na maministri wake. Na hapo usiandike kwa gavana peke yake. Andika barua mbili. Moja kwa gavana, na ya pili, yenye maneno yaleyale, kwa depite wako wa jimbo, na chini yake uandike: "Tulikuchagua sisi, gavana ulimchagua wewe. Tunangoja jibu lako."

Kuna kazi tatu ninazoomba tutoke nazo hapa.

Ya kwanza: kila mtu ajue jina la depite wake wa jimbo. Naomba mnyoshe mkono mnaolijua. Mnaona? Katika chumba hiki chote ni mikono tisa. Majina ya wachezaji wa Mazembe tunayajua yote kumi na mmoja, na wa akiba.

Ya pili: kikao cha baraza la jimbo kinachoanza Septemba ndicho cha bajeti. Ukingoja Januari, pesa imekwisha pewa majina. Barua ya daraja iandikwe Agosti.

Ya tatu: siku ya kura ya depite, usimpe mtu jina lako kwa fulana na chupa ya bia. Bia inakwisha usiku uleule. Gavana anakaa miaka 5.



MAULIZO

Mzee mmoja wa Katuba, mstaafu, aliuliza: Kwa nini sisi wenyewe tusimchague gavana, kama Marekani na Kenya?

Jibu: Baba, Katiba iliandikwa na watu, na watu wanaweza kuigeuza. Mimi ningependa kuiona kura hiyo. Mji mzima haununuliki kama chumba kimoja. Lakini tukimchagua sisi, na pesa ikabaki ileile Kinshasa, tutakuwa tumemchagua mtu wa kungoja. Marekani kura na kodi zinatembea pamoja. Tusidai ya kwanza tukasahau ya pili.

Mama mmoja anayeuza unga sokoni aliuliza: Mimi sijui kusoma. Depite wangu nitamtambua wapi?

Jibu: Mama, ulimtambua siku alipokuja kuomba kura, alikuja mpaka kwenye meza yako ya unga. Yeye alijua njia ya kuja kwako. Kusanyeni mama kumi, mje kwangu jioni, nitaandika barua bila malipo na tutaipeleka pamoja, mkononi, na tutaomba karatasi ya kupokelewa yenye tarehe. Barua isiyo na tarehe ya kupokelewa haijapelekwa.

Kijana mmoja, fundi wa mota, aliuliza: Mimi nilizaliwa Mbujimayi, nina miaka minne huku. Wengine wananiambia gavana si wangu. Ni kweli?

Jibu: Mdogo wangu, unalipa ushuru huku? Unalipa. Unaandikishwa kupiga kura huku? Unaandikishwa. Gavana wa Haut-Katanga ni gavana wa kila mtu anayelala na kuamka Haut-Katanga. Yale ya 1992 yalianza na maneno haya haya, kwamba gavana ni wa hawa na si wa wale. Aliyekuambia hivyo, mwambie aje na yeye katika mkutano wetu wa pili. Hata yeye hakunyosha mkono alipoulizwa jina la depite wake.

Watu walicheka, na mkutano ukaisha. Wakitoka, wengi walisimama mlangoni kuandika majina ya madepite wa jimbo ambayo ndugu karani alikuwa ameyabandika ukutani.